Bi Mafuta na hamira ya ngozi inayotuliza askari wa mwili

Saa moja asubuhi, Bi Mafuta anafungua mlango wa kabati la joto kwa kiwiko, maana mikono yote miwili imeshavaa glavu, na jambo la kwanza analofanya ni kunusa.

"Wenzangu hutazama kwanza. Mimi hunusa," anasema, huku akitoa sahani moja ya plastiki inayotosha kiganjani. "Sahani ikiharibika, pua inajua kabla ya macho."

Haijaharibika. Anaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, polepole, kama anayebeba supu. Juu ya jeli kuna vidoto vya rangi ya maziwa vilivyobanana. Jeli yenyewe, ambayo siku aliyoimimina haikuwa na rangi yoyote, sasa ni kahawia iliyokolea, kama chai iliyosahaulika mezani.

"Huyoo! Umemwona?" anasema, na uso unamchanua utadhani anaonyesha picha ya mjukuu.

Chumba chenyewe ni chembamba. Kuna meza mbili, sinki lenye bomba lisilofunga vizuri, darubini iliyofunikwa kitambaa, mashine ya kuhesabia seli, na ukutani makoti meupe ya wenzake, ambao hawajafika. Amewahi makusudi. Leo seli za kinga za binadamu, zilizolala usiku kucha pamoja na ile kahawia, zinapitishwa kwenye mashine kwa mara ya tatu.

Zikijibu kama zilivyojibu mara mbili zilizopita, kazi ya miaka mitatu itaendelea. Zikijibu vingine, chumba hiki kitarudishwa kwa wenyewe na kila kitu kitafungwa kwenye maboksi.

"Nimekunywa chai nusu kikombe," anasema. "Lakini najikaza kisabuni."

Bi Mafuta ni fundi wa maabara ya magonjwa ya ngozi, mwenye miaka hamsini na mmoja na sauti inayosikika mpaka mwisho wa korido. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye karatasi za ofisini tu. Hili la Mafuta amelipata kazini, na msomaji asidhani ni utani wa umbo.

Juu ya ngozi ya kila mtu, awe tajiri au fukara, awe ameoga au hajaoga, wanaishi fangasi wadogo mno, ndugu wa hamira inayoumua mkate. Hamira hizi za ngozi zina kasoro moja: haziwezi kujitengenezea mafuta. Zinakula ya kwetu, yale yanayotoka kichwani, usoni, kifuani na mgongoni. Ukiziweka kwenye sahani ya kawaida ya maabara, zinakufa njaa.

"Kwa hiyo mimi ndiye mpishi wao," anasema. "Natia mafuta ya zeituni, natia nyongo ya ng'ombe kidogo ili yachanganyike. Mgeni akija hapa anadhani tunakaanga kitu."

Wakishanona, anawahamishia kwenye sahani ya pili isiyo na anasa, yenye chakula cha aina moja tu kitokanacho na protini. Hapo ndipo wanapoanza kutoa ile kahawia, na kahawia ndiyo inayotafutwa.

Hakuanzia kwenye upishi huo. Kwa miaka tisa alikuwa muosha chupa wa hospitali, mikono ndani ya sabuni kutwa nzima. "Nilikuwa naosha vyombo na kusoma vibandiko vyake," anakumbuka. "Siku moja nikajikuta sitaki tena kuviosha. Nataka kujua kilichokuwemo." Akafunga mkanda, akasoma masomo ya jioni na watoto wawili nyumbani, akatoka na cheti chake.

Kinachotafutwa ndani ya kahawia, ukimwuliza yeye, anakueleza hata ukiwa umesimama mlangoni na haraka zako.

Ndani ya ngozi yetu, anasema, kuna seli za kinga zenye matawi matawi, na kazi yake ni ya mlinzi wa getini. Kila kinachopita kinashikwa na kupekuliwa. Mlinzi akiona si mtu mwema, anammeza, kisha anapiga filimbi, na askari wa mwili wanamiminika. Kelele za askari hao ndizo tunazozijua sisi kama wekundu, uvimbe na mwasho.

"Sasa chukua mtu mwenye mba," anasema, akiinua kidole chenye glavu. "Ule wa mabaka, mgongo mzima. Hamira zimejaa pale hazihesabiki. Walinzi wako palepale. Mbona hawapigi filimbi? Mtu hawashwi, havimbi, hana hili wala lile! Wamepewa nini hao?"

Swali hilo ni la Daktari, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache, ambaye ndiye mkuu wa utafiti huu. Jibu analolifuatilia ni kwamba hamira zenyewe ndizo zinazowapa kitu walinzi. Ndani ya kahawia kuna kemikali ziitwazo indoli. Seli ya kinga ina kitasa ndani yake, na baadhi ya indoli hizo zinaingia kwenye kitasa hicho kama ufunguo uliochongwa kwa ajili yake. Ukishaingia, mlinzi anakaa chini.

"Hafi," Bi Mafuta anasisitiza. "Hilo watu wanalikosea. Analegea tu. Anaona, lakini hajishughulishi."

Kulithibitisha si kazi ya siku moja. Wafanyakazi wa hospitali hujitolea damu, zinatolewa humo seli changa, na Bi Mafuta anazilea wiki nzima mpaka ziote matawi. Kisha anazigawa kwenye vishimo vya sahani maalumu. Nyingine anazitilia kahawia, nyingine maji ya kuzilisha tu, bila kahawia. Mwisho anazimwagia zote shanga ndogo zinazong'aa kijani, ndogo kuliko vumbi, aone ni ngapi zitazimeza.

Mlinzi mwenye afya huzifakamia. Aliyelewa kahawia huzitazama tu zikipita.

Mbegu ya kahawia hiyo haikutoka mbali. Ilitoka nyumbani kwake, tena chumbani.

Mumewe ni fundi seremala mwenye mabega mapana na sauti ya chini, mtu ambaye hata msumari ukipinda humsikii akitukana. Ana mba tangu ujana. Mabaka yake ni mepesi kuliko ngozi yake, yametanda kifuani, mabegani, mikononi na mgongo mzima. Hayamwashi wala hayamuumi. Lakini kwenye karakana yake, ambako mafundi wote wanafanya kazi vifua wazi kwa joto, yeye anapiga randa na shati la mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni.

"Anaoga mara mbili kwa siku," anasema mkewe. "Na bado kila anayemwona anamshauri ajisugue."

Daktari alipotangaza kwamba anahitaji watu wenye mba, Bi Mafuta hakufikiri mara mbili. "Nikasema, mimi ninaye nyumbani! Nilimtoa kama mtu anayeazimisha ngazi." Fundi aliitwa, akaelezwa kila kitu, akakubali, akatia sahihi. Akakaa kwenye kiti, mkewe akamkwangua mgongo kwa ncha ya kisu butu, magamba yakadondoka kwenye karatasi. Mchezo wa dakika chache.

Katika watu wote waliokwanguliwa, hakuna aliyefikia hamira ya fundi. Za wengine zilitoa rangi hafifu, nyingine hazikutoa kitu. Ya fundi iliigeuza jeli kuwa nyeusi-kahawia, na walinzi walioionja walilegea kuliko wote.

Mzee wa Mashine, fundi mnene anayekaribia kustaafu ambaye kazi yake ni kuendesha mashine ya kuhesabia seli, alipoiona alipiga makofi. "Huyu si hamira," akasema. "Huyu ni shemeji yetu kabisa!"

Jina likaganda. Kuanzia siku hiyo maabara nzima ilikuwa ni Shemeji ameamkaje, Shemeji amekula, Shemeji leo amenuna, mwongezeeni mafuta. Bi Mafuta naye alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuona ubaya. Kwake ilikuwa ni kama mumewe amepata kazi mahali pamoja na yeye.

Jaribio la kwanza likakubali. La pili, kwa damu ya watu wengine, likakubali. Likabaki la tatu, ambalo bila hilo, Daktari alisema, hakuna atakayewasikiliza.

Hapo ndipo friza ilipowatenda.

Ilikuwa mwisho wa wiki. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kikaungua kitu ndani ya friza na hakuna aliyekuwepo. Jumatatu Bi Mafuta alishika mpini, mlango ukafunguka kirahisi mno, maji yakamwagikia viatu. Mirija yote ilikuwa imeyeyuka. Hamira za ngozi si wavumilivu wa mambo hayo. Alijaribu kufufua mrija mmoja baada ya mwingine, kwa mafuta mapya na kwa maneno ya kubembeleza, akaambulia patupu.

"Zote tulizihifadhi kwenye friza moja," anasema. "Kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri. Utasema nini sasa? Niliinama juu ya yale maji sakafuni nikalia kama mtoto."

Kisha akafuta machozi na kwenda kwa Daktari. "Nikamwambia, Daktari, usiwe na wasiwasi. Shina lipo. Linarudi nyumbani kila jioni."

Jioni hiyo alimweleza mumewe, akitegemea vicheko. Fundi aliweka kijiko chini.

"Mimi tena?" akauliza.

"Wewe tena. Kwani nina mume mwingine?"

"Leo nimechoka, mama watoto. Tuone kesho."

Kesho akawa na mteja. Keshokutwa mgongo unamuuma. Mara ya nne, alipoona hana pa kukimbilia, akavua shati, akageuka upande, akamwambia amkwangue begani na kifuani, haraka, kisha akavaa. Mabaka yalikuwepo, mepesi vilevile. Bi Mafuta akakwangua, akaondoka anaimba.

Sahani hazikuota kitu.

Akakwangua tena mabega yaleyale. Zikakaa wiki nzima zimenuna, tupu, zinang'aa mafuta. Sasa msomaji anaweza kumcheka, lakini wiki zile hakuna aliyecheka. Bi Mafuta alijilaumu mwenyewe. Alimwaga mafuta ya zeituni akanunua mengine. Alibadili nyongo. Alipima joto la kabati kwa vipimajoto viwili, kisha akaazima cha tatu. Alipika upya jeli yote, peke yake, akihisi ameshaanza kuzeeka na mkono umepoteza kipimo.

"Shemeji amesusa," Mzee wa Mashine akatania siku moja. Bi Mafuta akaendelea kusoma vipimajoto vyake.

Daktari hakumlaumu kwa neno hata moja. Alikuwa akija asubuhi, anatazama sahani, anasema "haya," anaondoka. "Heri angenifokea," anasema Bi Mafuta. "Ile 'haya' yake ilikuwa inanitoa roho."

Jibu alilipata Jumamosi, nyumbani, kwenye beseni la nguo. Alikuwa anafua shati la kazi la mumewe. Akaliinua, pua ikagutuka. Chini ya jasho na vumbi la mbao kulikuwa na harufu nyingine, kali kidogo, anayoijua vizuri kama anavyojua jina lake. Ni dawa ya kupaka ya fangasi. Hospitali wanaitoa kila siku.

Akaliacha shati kwenye povu, akaenda kumkuta mumewe akinoa patasi uani.

"Baba watoto, unapaka dawa?"

Fundi aliendelea kunoa. "Napaka."

"Tangu lini?"

"Mwezi na zaidi. Lakini haifanyi kazi, mabaka yako palepale. Yule wa duka la dawa kaniuzia maji."

Bi Mafuta alipigwa na butwaa. Haikuwa maji. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake yote. Hamira zilishakufa begani na kifuani. Kilichobaki ni rangi tu, maana ngozi iliyopaushwa na mba huchukua miezi kurudia rangi yake hata baada ya fangasi kuondoka. Wiki zote zile alikuwa anakwangua makaburi, mumewe naye anapaka dawa juu ya makaburi hayohayo, kila mmoja akidhani ameshindwa.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

Fundi akaiweka patasi chini. "Unakumbuka siku uliyosahau miwani, nikakuletea? Nilifika mlangoni, nikasikia mnacheka. 'Shemeji kanona leo. Shemeji mchafu lakini mtamu.' Nikasema ni shemeji gani huyo? Kisha nikaelewa ni mgongo wangu."

"Mbona uliingia unacheka?"

"Ningefanyaje? Nilicheka na nyinyi. Nikakupa miwani, nikatoka, nikapitia duka la dawa." Akapangusa vidole, kisha akasema neno ambalo mkewe analirudia leo akiwa ameshika kifua. "Nilikubali kukwanguliwa, mama watoto. Kuchekwa hakuna aliyeniuliza."

Bi Mafuta anasema aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Miaka yote amekuwa akimtetea mumewe kwa majirani kwamba mba si uchafu, halafu yeye ndiye aliyempeleka kwenye chumba cha watu wamcheke. Aliketi chini palepale uani, kwenye maranda, akamwomba radhi. Kisha akamwambia kwamba dawa imefanya kazi, aendelee kuipaka, na kwamba hatamgusa tena mgongo kwa ajili ya maabara.

"Nilimaanisha," anasema. "Nilisema chumba kikifungwa na kifungwe. Mume ni mume."

Jumatatu alimweleza Daktari. Wakaanza kuhesabu vifaa vya kurudisha.

Siku mbili baadaye, Bi Mafuta akiwa jikoni anakatakata vitunguu, fundi alisimama mlangoni akakohoa.

"Ile ya katikati," akasema.

"Katikati ya nini?"

"Ya mgongo. Hapa kati. Sijaifikia."

Mkewe akageuka na kisu mkononi.

"Nilikuwa najipaka peke yangu kwa siri," fundi akaeleza, akitazama chini. "Mkono haufiki. Nilijaribu kwa brashi ya vanishi, ikanyonya dawa yote, mgongo ukaambulia nywele za brashi. Nikapaacha."

Bi Mafuta alicheka mpaka vitunguu na kicheko vikamtoa machozi pamoja. Fundi naye akacheka, safari hii kicheko chake mwenyewe. Kisha akatoa masharti. Kwanza, jina lile life. Pili, asikwanguliwe kama mbao. Anataka aingie ndani, aonyeshwe hicho kitu chake kinafanya nini huko.

Kesho yake jioni Mzee wa Mashine alifika karakana mwenyewe, bila kutumwa, mkono mmoja nyuma ya kichwa. "Fundi, ulimi wangu hauna breki," akasema. "Nisamehe." Fundi akamvutia kiti. Walikaa wakizungumzia mbao mpaka karakana ikafungwa.

Bi Mafuta akakwangua katikati ya mgongo, sehemu isiyozidi kiganja, na siku kadhaa baadaye vidoto vya maziwa vikachomoza juu ya mafuta. Akavihamishia kwenye sahani ya pili, akasubiri, jeli ikaanza kubadilika rangi pembezoni. Akatoka mbio kwenye korido na umri wake ule, akigonga milango.

Mbegu mpya imehifadhiwa kwenye friza mbili, katika majengo mawili, na sehemu ya tatu wameiombea hifadhi kwenye maabara ya jirani. Zilipothibitika ziko hai, alirudi nyumbani akamvua mumewe shati na kumpaka dawa pale katikati kwa kiganja chake.

Na leo, saa nne asubuhi, fundi yumo ndani. Amevaa koti jeupe la kuazima linalombana mabega hivi kwamba hawezi kuinua mikono. Anainamia darubini, anafumba jicho lisilohusika, anafumba lile linalohusika, anaelekezwa upya.

"Naona vichupa," anasema hatimaye. "Vidogo, kama vichupa vya mafuta ya cherehani."

"Ndio hao," anasema mkewe. "Wako wewe."

Mzee wa Mashine anaingiza mrija wa kwanza. Mashine inakoroma. Daktari amekunja mikono. Bi Mafuta amesimama karibu na mlango, kama anayetaka kukimbia majibu yakiwa mabaya.

Seli ambazo hazikuonja kahawia zinatangulia. Kati ya kila mia, sitini na nne zimemeza shanga. Walinzi hodari, hakuna tatizo.

Mrija wa pili ni wa seli zilizolala na kahawia ya fundi. Mzee wa Mashine anatazama kioo, anavua miwani, anaifuta kwenye koti, anaivaa. "Kumi na nane," anasema. "Kumi na nane tu kwa mia."

"Zimekufa?" fundi anauliza kwa hofu, kama mtu aliyeharibu mali ya wenyewe.

Daktari anaagiza zipimwe uhai. Mashine inakoroma tena. Karibu zote ziko hai. Zimetulia tu, kama mara ya kwanza, kama mara ya pili. Mirija inayofuata, yenye damu za watu wengine, inasema hivyohivyo.

Bi Mafuta anajifunika uso kwa mikono yenye glavu, jambo ambalo anawakataza wenzake kila siku. Mzee wa Mashine anataka kusema neno la mzaha, anamwangalia fundi, anaamua kumpa mkono. Daktari, ambaye wiki zote alikuwa na "haya" moja tu, anasema, "Tumepata," kisha anavuta kiti na kuketi.

Fundi anataka kuelewa. "Kwa hiyo miaka yote hii sikuwashwa kwa sababu hawa walikuwa wanawabembeleza walinzi wangu?"

"Inawezekana kabisa," Daktari anamjibu. "Kwenye kishimo tumeona mara tatu. Kwenye mgongo wa mtu hai bado, na huko ni mbali. Na bado hatujui utulivu huu unamfaidi nani zaidi, wewe au hamira iliyotaka kuishi kwako kwa amani."

Anaongeza, kwa msisitizo, kwamba hakuna mtu wa kwenda kujipaka kitu chochote kwa sababu ya habari hii. Ni mwanzo wa njia. Kuna watu ambao walinzi wao hawajui kunyamaza, wanaopiga filimbi mchana na usiku mpaka ngozi inachanika. Iwapo siku moja indoli moja kati ya hizi itatenganishwa, ikapimwa na kuonekana haina madhara, pengine itawafaa hao.

Chumba hakifungwi. Daktari ameshakwenda kupiga simu, na Bi Mafuta ameshaanza kupanga duru inayofuata. Anataka kukusanya hamira kutoka kwa watu wanaowashwa vichwa mpaka wanatoka damu. Ni jamii ileile ya hamira, anasema, lakini kwao walinzi wanapiga filimbi kama wamechanganyikiwa. Anataka kujua tofauti iko wapi, kama ni kwa hamira au ni kwa mwenye kichwa.

Safari hii, kabla ya kumkwangua yeyote, atakaa naye amsikilize kwanza. Ameomba pia apewe nusu saa kila wiki kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa, azungumze na wanaokuja na mashati yaliyofungwa mpaka shingoni.

"Nitawaambia mba si uchafu, na una dawa," anasema. "Na mkipaka, msisahau katikati. Tafuta mtu wa kukupaka."

Anavua glavu, anazitupa, ananawa. Nyuma yake mumewe anapambana kujitoa kwenye koti la kuazima, na Mzee wa Mashine anamvuta mkono.

"Ndoto yangu ni moja," Bi Mafuta anasema. "Aje mtoto wa mtu na ngozi inayowaka moto. Nimpake kitu kilichotoka humu ndani. Alale usiku mzima, mama yake naye alale. Asubuhi mama huyo aniulize, dada, dawa hii inatoka wapi?"

Anamgeukia mumewe. "Hapo sitasema kitu mpaka uniruhusu."

Fundi ameshatoka kwenye koti. Anakunja mikono ya shati lake, mmoja baada ya mwingine, hadi juu ya viwiko, na mabaka ya mikononi yanaonekana wazi mbele ya watu wote waliomo chumbani.

"Mwambie ni mgongo wangu," anasema. "Na akitaka kuuona, mlete karakana."